Baki

Kila tarehe tano nafunga dirisha
vumbi la stesheni lisitue kwenye karatasi,
naandika: madau yote yaliyowekwa.
Chini yake: zawadi zilizolipwa.
Chini kabisa, penye mstari mara mbili: baki.

Serikali haigusi dau.
Inagusa baki.
Nailipa kwa namba ndefu ya kumbukumbu,
na chai haijapoa simu inanijibu:
malipo yamepokelewa.

Mwalimu Kasonta, darasa la tatu, Isevya,
alitufundisha baki kwa njugu mawe:
kumi na saba kwa watoto watano,
kila mmoja tatu, zikabaki mbili,
na hizo mbili akazila yeye,
akitafuna akisema, baki haina mwenyewe.
Miaka ishirini nimemwamini.

Zamani kodi ilikuwa na miguu.
Mashine zilipangwa Kachoma nyuma ya genge la mkaa,
Bwana Lubeleje akaja na pikipiki ya idara,
akazihesabu kwa kidole, akabandika stika,
akaipiga moja teke ikatema mia mbili,
tukacheka wote, naye akaitia mfukoni.
Isiyo na stika ilifichwa chini ya majani ya tumbaku,
usiku ikakohoa sarafu.

Sasa kasino haina mlango wa kugongwa.
Imo mfukoni mwa mlinzi wa ghala,
imo kwenye foleni ya maji Cheyo,
msibani inawaka chini ya kanga.
Lubeleje amekaa mezani kama mimi
akisubiri nimwambie ukweli.
Na wapo wasiojaza fomu kabisa:
ofisi yao, wanasema, iko kisiwani,
kisiwa nilichokitafuta kwenye atlasi nikakikosa.
Wateja wao ni majirani zangu,
baki yao inavuka mpaka bila kuulizwa pasi.

Mwezi wa tatu Shija wa karakana ya reli
alishinda. Akaja kofia mkononi,
akanionyesha kioo cha simu: hii nyingine imekwenda wapi?
Nikamwambia, kodi ya ushindi,
imekatwa juu kwa juu kabla hujaiona.
Akakaa kimya. Akasema,
mwaka mzima mikeka yangu inachanika,
mbona hakuna aliyekuja kuchukua fungu lake la hasara?
Nilitaka kumwambia walikuja, Shija,
wanakuja kila tarehe tano, wanapitia kwangu.
Nikampigia muhuri.

Mwezi huu baki imenona.
Ni ule mchezo wa ndege:
inapaa, namba zinapanda,
ushuke kabla haijatoweka.
Bosi ametaka orodha ya wateja wanaoshuka wakichelewa,
awatumie salamu za sikukuu.
Nateremka na kidole, namba kwa namba,
mpaka inayoishia na nne, moja, saba.

Naijua. Naipigia kila Jumapili.
Mama yangu anauza asali njia ya Sikonge,
lita kwenye chupa za maji,
hasomi bila miwani
na miwani nilimnunulia mimi.
Saa nane usiku, dau. Saa nane na dakika tatu, dau.
Zawadi: sifuri, sifuri, elfu moja mia tano, sifuri.

Basi mshahara wangu unakatwa kodi hapa,
nusu namtumia, unalala kwake siku mbili,
unarudi kwenye karatasi yangu umevaa jina jingine
naukata tena.
Hata ile zahanati anakopimwa presha
imepakwa rangi mpya, kijani,
na ukutani imeandikwa kodi yako inajenga.
Sijui ni tofali lipi lake.

Nimepiga mstari mara mbili. Nimelipa.
Kisha nikampigia.
Anasema nyuki wamehama mwaka huu,
mizinga mitupu, moshi wa bure tu.
Anasema, mwanangu, kama kuna chochote kimebaki.
Nyuma ya sauti yake
naisikia ile ndege ikipaa.