Mimi si Sukari

Kituo kilifunguliwa wakati wa vuli,
rangi bado ikinuka, vigae vikiteleza,
na sisi wa Makangarawe tukavua viatu mlangoni
mpaka mlinzi akacheka: "Ingieni navyo, mama zangu,
hapa si msikitini."

Zamani tulitibiwa kwenye nyumba ya kupanga,
chumba cha sindano kikipakana na jiko la mwenye nyumba;
ukichomwa, unasikia kitunguu kinakaangwa.
Sasa tuna maabara. Tuna chumba cha kujifungulia
chenye pazia la kijani. Tuna feni.
Sikatai. Asante nimeitoa, na nitaitoa tena.

Lakini dirisha la tatu lina mdomo.
"Presha, sogea! Kifua, kaa kule!
Wewe wa dawa za kila mwezi, kadi yako iko wapi?"
na benchi zima likageuza shingo
kumtazama kijana wa watu, fundi wa kuchomelea mageti,
aliyeshusha kofia hadi puani.
Yule hakurudi. Mwezi wa pili sasa.

Mimi huitwa Sukari.
"Sukari, ingia!" Nami huingia,
nyayo zikiwaka kama nimekanyaga siafu,
na huko nyuma mtu hucheka: kumbe bibi mtamu.

Mimi ni Somoe binti Abdala Mpangule.
Jina la bibi yangu, aliyevuka Rufiji
na mimba ya miezi saba na mtungi haukumwagika.
Halikununuliwa dukani, robo kilo,
likafungwa kwenye gazeti.

Nikamwambia mjukuu wangu Zawena: andika.
Siku hizi herufi hunikimbia, hutimka kama inzi.
Andika kwa adabu, lakini andika.
Tukaitumbukiza kwenye sanduku la maoni,
lililotundikwa juu, karibu na saa iliyosimama.
Aliyelitundika hajawahi kuumwa mgongo.

Miezi minne. Kimya.
Siku ya kuchagua wajumbe wa kamati ya kituo
nikauliza: ufunguo wa sanduku anao nani?
Mganga mfawidhi akamtazama karani.
Karani akamtazama mhasibu.
Mhasibu akatazama simu yake.
Ndipo wakanichagua mimi,
nadhani ili ninyamaze.

Nikamfuata yule kijana kibandani kwake.
Hakuuliza mengi. Alikuja jioni na msumeno wa chuma,
kofia nyuma safari hii, akakata kufuli
cheche moja haikuruka, ila kelele mtaa mzima ulisikia.

Zikatoka karatasi kumi na saba,
ganda la bigijii, shilingi mia mbili (sadaka labda),
na mchoro wa mtoto: choo kisicho na mlango,
mtu ndani, kashikilia kanga kwa meno.

Dokta Lwitiko akasoma kwa sauti, moja moja.
Alipofika yangu akavua miwani.
Nesi wa dirisha la tatu akainama.
"Bibi," akasema, "wagonjwa mia mbili na arobaini kwa siku,
na dirishani niko peke yangu.
Na mimi je? Miaka tisa naitwa Nesi.
Naitwa Restituta."

Tukanyamaza wote.
Hilo halikuwemo sandukuni.

Jumanne iliyofuata nimekaa, nasinzia.
"Somoe Abdala!"
Sikusogea.
"Somoe Abdala!"
Jirani akanigusa ubavu: "Si wewe?"
Nilikwisha kulizoea lile jingine, Mungu anisamehe.

Nikainuka, nikafika dirishani.
"Dawa zimekwisha, rudi Alhamisi."
"Nitarudi, Restituta," nikasema,
nikafungua pindo la kanga, nikatoa karatasi nyingine.
Sanduku sasa liko usawa wa kifua changu.
Kufuli jipya hawajanunua.
Nimewaambia wasiharakishe.