Gumba Bado

Kuldīga, mwezi wa tatu, theluji ingali imekalia paa
kama mgeni asiyejua kuaga.
Velga, miaka sabini na moja, mfumaji wa glavu
zile za kijijini kwao, zisizo na vidole ila gumba,
amekaa mbele ya kompyuta aliyoachiwa na binti yake
pamoja na karatasi moja: Mama, usibofye. Andika.

Haina picha hii, haina vitufe vya rangi.
Ni uga mweusi na kijistari kinachopepesa,
kinapepesa, kinangoja,
hakimwambii karibu, hakimwambii toka.

Anaandika: tafuta glvu.
Hakuna kilichopatikana.
Hakikumcheka. Karani wa posta angemcheka.
Anarudia, herufi kwa herufi, kama anayehesabu vitanzi:
tafuta glavu.

Kimoja tu.
Kati ya vifurushi elfu sitini na ushei
vilivyopangwa ghalani asikokujua, na watu asiowajua,
kimoja tu, jina lake raksts,
neno ambalo kwao ni nakshi na ni maandishi pia,
kwa hiyo glavu nayo husomwa.

Sakinisha.
Anadaiwa neno la siri. Anaandika, hakionekani kitu,
si nukta, si nyota;
anadhani kibodi imekufa, anaipiga kofi.
La. Ni siri kweli, inaficha hata idadi yake.

Kisha orodha, maana raksts hakiji peke yake.
Kinamhitaji mchora mistari,
mchora mistari anamhitaji mpanga rangi,
mpanga rangi hawezi kitu bila mhesabu,
na mhesabu ana mjomba wake wa zamani
ambaye hakuna aikumbukaye kazi yake,
ila akiondoka nyumba inaanguka.
Mtegemea cha nduguye hufa maskini, husema wahenga.
Basi humu wote wangekwisha kuzikwa.
Humu kila mmoja anakula cha nduguye
na chungu hakijakauka.

Kilobaiti mia nne na kumi na mbili. Uendelee? N/h
N kubwa, h ndogo:
hata mashine ina upande inaoupendelea.
Anabonyeza. Mistari inaporomoka kama sufu inayofumuka,
asilimia tisa, arobaini, themanini na nane,
hapo inaganda. Anaibembeleza
kwa sauti aliyokuwa akimbembelezea mbuzi wakati wa kumkama.
Mia.

Akitafuta namna ya kukiendesha, anasoma maelezo.

     Toleo: 0.3
     Kuguswa mara ya mwisho: miaka tisa iliyopita
     Mtunzaji: Nauris Zvirbulis
     Kasoro zinazojulikana: kidole gumba bado

Nauris.
Yule wa ghorofa ya tatu, mwenye mafua yasiyokwisha,
aliyekuja kuota moto kwake, kwao jiko likiwa baridi,
akiuliza kwa nini nyeupe mbili, nyekundu tatu,
kwa nini hapa umeruka,
akiandika nyuma ya daftari la hesabu.
Velga alidhani anachora.
Walikuwa wamefika kiganjani
mama yake alipopata kazi Ayalandi, kiwanda cha uyoga,
na asubuhi moja ngazi zikawa kimya.

Anakiendesha.
Glavu inapanda kwenye skrini safu kwa safu,
nyota ya alfajiri ya bibi yake, meno ya mbwa mwitu pembeni,
hata lile kosa lake mwenyewe la safu ya tisa,
limehifadhiwa kwa uaminifu.
Na ubavuni, pale, pengo.

Chini ya jina kuna anwani.
Hajui kama inafika, hajui kama kijana bado anasoma Kilatvia.
Anavua miwani, anaivaa.
Hasemi nimekukumbuka. Hasemi mbona kimya.
Anaandika kwa kidole kimoja:

Safu ya ishirini na tatu. Vitanzi kumi na kimoja
vipitishe kwenye uzi wa rangi nyingine, usivikate,
endelea juu.
Gumba utalirudia baadaye.
Huwa linangoja.