Zamu ya Ishirini na Tisa

Zamu moja ni mwezi, na mwezi ni dakika kumi:
hivyo ndivyo alivyoandika Shekuwe
kwenye daftari la hesabu, kabla figo hazijamshinda.
Ubao ni mlango wa kabati la mamake.
Kisiwa kakichora kwa wino wa mihuri,
Ngome ni kipande cha kigae, kimebandikwa kwa gundi ya viatu.
Waarabu vizibo vya soda. Wareno kunde.
Sisi wa Mvita mbegu za ukwaju,
na kanuni ya saba yasema ukwaju
huweza kuhesabiwa upande wowote.

Kuze, ghorofa ya pili, Alhamisi baada ya isha.
Umeme hakuna. Simu tumeilaza chali,
juu yake glasi ya maji, ndiyo taa.
Mselem anashambulia, mimi nalinda.

Namjua huyu. Fundi bomba wa kaunti,
na hupigana kama anavyozibua:
palepale, palepale, mpaka paachie.
Vizibo vitatu kaviweka Makupa, vya kunitoa macho,
vinane kavificha Kilindini nyuma ya birika.
Nikamwachia Makupa. Nikamwachia mji wote,
na misikiti, na visima vya nje,
nikajifungia na kunde zangu tisa.

Kulinda ni kazi ya karani, nami ni karani,
godauni la chai, Shimanzi, miaka ishirini
nikiandika kilichoingia, kilichotoka, kilicholiwa na panya.
Mchele wa zamu mbili.
Mizinga mitatu, baruti ya mmoja.
Ngazi zake ni njiti za kiberiti; mbili nimezichoma kwelikweli,
kanuni ya kumi na tisa: *moto ni moto*.
Tangu zamu ya kumi naitupia dadu meli ya Goa,
yataka sita,
na dadu hili la ludo, pembe moja imetafunwa na mtoto,
sita halijui.

Zamu ya ishirini na nane, maradhi.
Natupa. Moja.
Kunde tano zarudi mkebeni.
"Pole," asema Mselem, kama tuko matangani.

Basi zamu iliyofuata nikafungua lango.
Lango ni kijiti cha aiskrimu. Nikakilaza.
"Wafanyani?"
"Nimefungua."
"Wasalimu amri?"
"Sikusema hilo. Nimefungua tu."

Tukalitafuta daftarini. Kanuni ya thelathini na moja:
*Lango likifunguliwa na mlinzi mwenyewe, mshambulizi ata*
na hapo pana duara la kikombe,
kahawa yake mwenyewe, wino umekwenda nayo.
Tukalisogeza kwenye glasi, tukaligeuza nyuma mbele.
Ataingia? Atangoja? Atarudi kwao?
Miaka minne tumecheza, hatujafika ukurasa huu.

Vizibo kumi na kimoja, kunde nne.
Mtoto mdogo angeingia.
Mselem akakuna shingo.
"Una nini humo ndani?"
"Ingia uone."
"Na ukwaju? Uko wangapi?"
Nikanywa kahawa yangu.
Bomba lililoziba halimtishi;
lile linalotoa maji lenyewe, kabla hajaligusa,
ndilo humfanya arudi nyuma hatua mbili.
Akapitisha zamu.

Wanaolala nje masika, homa yao.
Akatupa: nne. Vizibo vinne mkebeni.
Akapitisha tena.
Ndani, kunde zangu nne hazina hata wali.
Nje, vizibo saba vinalitazama tundu la lango
kama paka anavyotazama bakuli alilowekewa na mgeni.

Zuena, mjane wa Shekuwe, akaja kuchukua vikombe.
Akakiona kile kijiti kimelala.
"Hicho alikuwa akikifungua yeye," akasema,
"usiku, akicheza peke yake."

Sote wawili tukainua vichwa.
"Kisha?"

"Kisha akilala,"
akasema, na akazoa vikombe.