Lenzi Haipo

Nduta wa Gikomba aliitumia kukandamizia risiti
zisibebwe na upepo. Uzito wake, alisema, ndio faida yake.
Mia tatu. Tukaishia mia mbili hamsini
na akaniongezea mfuko wa karatasi, kwa huruma.

Chuma kitupu na kioo. Namba zilizochongwa,
futi kwa manjano, mita kwa nyeupe,
na jina la nchi ambayo nasikia siku hizi
haimo tena kwenye ramani.
Ndani, pembeni, ukungu:
si ule wa Limuru, unaoondoka jua likipanda,
bali ule wa mkate uliosahauliwa,
uzi mweupe umejisokota juu ya kioo
kama mpangaji aliyehamia usiku.

Kamera yangu ni ya juzi. Bado nailipia.
Inatambua nyuso, inatambua paka,
inajua mboni ilipo kabla sijajua mimi.
Mdomo wa hii na shingo ya ile havikupatana
hadi Muthiani wa Kamukunji aliponichongea pete
kutoka kwa pistoni ya lori.
Aliifunga kwenye kerezo, akapima kwa ukucha:
"Ndoa hii haina padri, lakini itashika."

Nikawasha. Kamera ikaandika: Lenzi haipo.
Ipo, nikaiambia. Nimeishika.
Lenzi haipo, ikarudia, kwa adabu ya karani
anayekuambia faili lako halionekani
nawe unaliona pale, chini ya kikombe chake.
Nikachimba menyu hadi ukurasa wa tano,
nikaiamuru: piga hivyo hivyo.

Jumapili, Kaloleni. Mama yuko dirishani,
ungo wa minji mapajani.
Ana mtoto wa jicho, la kushoto. Daktari kasema Agosti,
na Agosti imesemwa mara mbili sasa.
Nazungusha pete. Nzito, grisi yake imezeeka
kama asali ya mwisho wa chupa.
Ukingo wa kola unapata wekundu
(ndivyo kamera inavyoniashiria kilichokaa sawa),
kisha wekundu unahama, unavuka shavu,
unafika kwenye kope, unapitiliza.
Narudi. Napitiliza tena.
Nasogea mbele nusu hatua, narudi nyuma,
naye, ili anione, anachomoza shingo, anairudisha.
Tunayumba hivyo, mtu na mamaye,
kila mmoja akitafuta pa kumsimamisha mwenzake.

"Ochillo, bado?"
"Bado."
"Ile simu yako haikawii hivi."
"Haikawii," nakubali.

Minji inadondoka kwenye sufuria.
Nilikuwa nimezoea: bonyeza, kwisha,
uso umeshachukuliwa kabla hujauangalia.
Sasa nimemwangalia dakika nne.
Chini ya kidevu ana kovu.
Miaka thelathini na nane, na kovu lile silijui.

Nikabonyeza.

Nilipoikuza picha, jicho nilikuwa nimelikosa
kwa unene wa ukucha. Uso wote umezama kwenye maziwa.
Kilichosimama sawasawa ni punje moja
kati ya vidole vyake, kijani, na kishimo chake,
na dirisha zima limeingia juu yake, dogo, limepinda.

Akaichukua kamera, akaileta puani,
akaipeleka mbali urefu wa mkono, akaileta tena.
"Hii minji," akasema, "imetoka vizuri."
Akanirudishia, akaendelea kubambua.