Jua Kali

Baba alichomelea milango Kamukunji miaka thelathini,
uwanjani pasipo paa. Ndiyo asili ya jina la kazi:
jua kali. Moja utosini, jingine mkononi,
dogo, la buluu, likitema cheche kwenye saruji.

Miwani alikuwa nayo. Aliivaa wateja wakitazama.

Usiku macho yaliwaka kama yaliyotiwa mchanga.
Mama akakata kiazi kibichi, kipande huku, kipande huku,
na sisi watoto tukaambiwa tusicheke.
Mimi nilicheka.

Leo, saa kumi alfajiri, Chiromo, chumba cha pili,
stima imepotea ikarudi,
Jerotich anahesabu kwa Kiswahili juu ya sauti ya wageni,
tatu, mbili, na kitu chetu,
kikubwa kama mkate wa duka,
kinaiacha ardhi kwenye roketi ya watu wengine,
katika nchi ambayo viza yake nilinyimwa.

Ndani yake mna jicho. Nililikaza kwa mikono hii,
skrubu kumi na mbili, pumzi nimeibana.
Macho hayana pazia, husema watu.
Hili tumelishonea: utando mweusi
mwembamba kuliko ganda la kitunguu,
lipate kulikodolea jua bila kupepesa,
lituambie linapofura, linapopasuka,
ulimi wa moto unapochomoka ubavuni
na redio za marubani zikafa ganzi
huku abiria wakiomba chai.

Dakika nane mwanga hutembea
kutoka kwake hadi mabati ya Kariobangi.
Kila mlipuko tutakaouona
utakuwa umeshatokea. Kama kope za baba:
tulijua asubuhi.

Nampigia.
"Niko macho," asema,
na kimya kinachofuata sote wawili tunakisikia.
Namweleza: limepanda. Ishara bado, labda saa mbili,
labda lisiseme kitu kamwe, hutokea.
Anauliza swali moja tu, la fundi:

"Mmelivisha miwani?"

Tumelivisha.

"Na likichoka, likitaka kuivua?"

Haivuliki, baba. Nilifunga mwenyewe.

Nasikia anavuta kiti, anakaa.
Dirishani, upande wa Eastlands, anga imeanza kupata kutu.
Jerotich amelala kwenye kibodi,
skrini inaandika herufi moja, moja, moja.

"Vizuri," asema baba. "Wewe je, umevaa yako?"