Siku Tatu, Magurudumu Manne

Ruhusa ni siku tatu: Ijumaa, Jumamosi,
na Jumapili, ambayo ilikuwa yangu tangu zamani
ila mwenye duka la dawa ameihesabu humo humo
kwenye hisani yake.
Wifi yangu Minza ameazima baiskeli ya gia.
Mimi nina Swala ya marehemu baba yake,
nyeusi, nzito, kengele inalia kwa hiari yake.
Hataki kuipanda. Sijamuuliza.

Usiku, Kirumba, ramani tumeitandika sakafuni,
ramani ya shule ya mwanangu
iliyochanika pale pale Magu.
"Lami," anasema Minza. "Igoma, Kisesa, Magu,
tunalala Lamadi, tunageuza."
Namwambia lami ni ya malori ya pamba.
Tutaona nini, zaidi ya turubai
na maandishi ya nyuma, *Mwenye Wivu Ajinyonge*?
"Tutaona tumefika."

Basi tuvuke Kamanga kwa kivuko cha asubuhi,
tukate Sengerema, turudi kwa daraja la Kigongo.
Mduara! Minza anapenda mduara,
ni mwalimu wa hisabati.
Mimi nikasita.
Daraja lile nataka nilivuke siku nyingine,
kwa miguu, polepole,
bila mtu wa kuniambia zimebaki ngapi.

Asubuhi tukaenda Igogo kwa fundi Lutego,
aliyenyoosha spoki za nusu ya mji huu.
Nikamuuliza njia gani ina mandhari.
Akafuta grisi kwenye paja.
"Mandhari?"
kama vile nimemtajia kipuri kisichoingia nchini.
Kisha akatupa anachokijua:
wapi mchanga humeza tairi mpaka ringi,
kisima gani cha pampu bado kina mpini,
na kwamba upepo wa ziwa huamka saa tano,
ukikukuta unaelekea majini
unakusukuma kifuani kama mgambo wa stendi.
"Miaka sita nilipeleka samaki wakavu Ngudu.
Kilo themanini nyuma.
Watu wanasema kule kuna mawe yamebebana
kama mama na mtoto.
Mimi niliona tairi la mbele."

Akazungusha gurudumu la Minza hewani,
akalisikiliza, jicho moja kalifumba.
"Labda Ukerewe," akasema.
Mara moja tu alikwenda kule, msibani, baiskeli tupu.
Machungwa yamemwagwa kando ya njia, hakuna anayeyalinda.
Mihogo imeanikwa juu ya mwamba, myeupe,
akadhani ni nguo za watu.
Akapanda Handebezyo kwa kukokota,
na juu kule, maji huku, maji kule,
visiwa vimekaa kama viazi vilivyosahaulika shambani.
"Nilisimama. Sikuwa na mzigo,
kwa hiyo sikuwa na sababu ya kutosimama."
Akaona haya kidogo, akatudai elfu tatu
za breki ambazo hatukumwomba.

Ikawa Ukerewe.
Meli, halafu Nansio, halafu Murutunguru,
halafu mkono umesimama juu ya karatasi.
Minza alipima kwa uzi wa kushonea,
akaulaza kwenye rula, akagawa kwa tatu,
akatoa saa za jua kali, akatoa saa moja ya machungwa
(hiyo niliipigania).
Tumefunga pampu, viraka, gundi,
khanga mbili, chupa ya chai.
Kabla hajazima taa alishuka tena chini,
akashika tandiko la Swala, akalipandisha kidogo,
akalirudisha palepale lilipokuwa.

"Na huku msitu wa Rubya," akauliza,
"njia inatokea upande wa pili?"
Sijui, nikasema.
Akaandika pembeni ya ramani, kwa penseli: *sijui.*
Halafu akapigia mstari chini yake, mara mbili,
kama wanavyofanya wao
wakishapata jibu.