Mwanasiti wa Mizani

Tisa miaka ghalani, Shimanzi nimesimama,
na kalamu sikioni, kila gunia napima,
vumbi la chai kooni, nikilala lanikwama.
Walinipa jina jema: Mwanasiti wa Mizani.

Mwaka jana akashuka meneja mpya, Shekue,
tabasamu lamtoka, atusihi tumjue,
Ijumaa akaweka biriani, tuchukue.
"Baba yenu mtambue, nyumba ni moja, jamani."

Wiki hazijesha tatu, akasukuma mlango:
"Mwanasiti, mwana wetu, shusha kidogo kiwango,
kila gunia, kilo tu; mwenyewe hana kinyongo."
Mate yakawa ni nyongo; nikaigusa mizani.

Kilo zikawa gunia, gunia zikawa gari,
jeupe, limetulia penye kivuli kizuri
ndipo tulipokalia, kwa mihogo na achari.
Sasa twala kwenye hari, migongo yetu juani.

Mwachiti akamwambia kamba ya winchi yachoka;
si mara moja, sikia, barua mbili kaweka.
"Kuna watu mia mia langoni, kazi wataka."
Ikaja, ikakatika; naye Mwachiti yu chini.

Saruji yalowa damu, fomu ikawa tayari:
"Kosa ni la marehemu: mnazi, tangu fajiri."
Na ilikuwa saumu; hata maji kaghairi.
Akanena kwa uzuri: "Jina lako, hapa chini."

Nikatia. Sitasema kwamba nililazimishwa.
Kodi ya nyumba, na homa ya mama: nilikumbushwa.
Wino wake wanichoma, vidole japo vyaoshwa.
Mjane aliridhishwa: unga, mafuta, sabuni.

Alisimama Nyamvula mkutanoni, kanena
ya kamba, na kila hila, akataja na majina.
Bwana akaleta sala: "Mola ampe kupona."
Kesho hatukumuona; kikombe chake jaani.

Desemba wakamtuza, hoteli moja ya Nyali:
"Tangu aje, twaongeza faida zetu halali."
Makofi nikayakaza, nikiwa meza ya mbali.
Sahani yangu ya wali nikaiona mizani.

Wiki hii namfunza karani mpya, mtoto,
na swali lake la kwanza: "Mbona mdogo uzito?"
Nikacheka, nikaanza kwa sauti ya mvuto:
"Usiwe mtu mzito; nyumba ni moja, jamani."

Shairi nimelipanga, nane kwa nane, kamili,
mizani sikuzichenga, sikupunja hata mbili,
ila mmoja natenga kwa Mwachiti, mstahili.
Upimeni, tafadhali: Mwachiti yu chini.